Kanzu ya Kaka Mwidani

Mishomoroni, Jumanne

Kaka Mwidani, shikamoo.

Twamshukuru Mungu kwamba baada ya kiharusi kilichokushika upande wa kulia waweza tena kutembea hapo Maskati. Sisi tu wazima.

Lakini wallahi umenichoma. Mimi nduguyo, fundi wa miaka ishirini, waniagiza nikakushoneshee kanzu kwa Mbeyu, niliyemfunza mimi kushika sindano! Ati karakana yake ya Bombolulu ina dhamira, yawashonea wasiojiweza kwa viungo. Dhamira hata mimi ninayo. Vitabu vya biashara nimevisoma, nikaiandika ukutani kwa rangi nyekundu. Mafundi wangu huipa mgongo, na saa kumi ikigonga hawapo.

Jana Faith, fundi wangu bora, aliniaga aende huko kwa Mbeyu, kwa mshahara mdogo.

"Amekulisha nini yule?" nikamwuliza.

"Hajanilisha kitu, mama. Kwake, fundi ndiye humpima mteja, na nguo ikiisha ndiye humvisha. Hapa nashona mashati mia, sijui hata moja ni la nani."

Nikamsindikiza kwa maneno makali hadi mlangoni. Kisha nikatandaza mezani kitambaa ulichonitumia, nisijue pa kukata.

Kwa Mbeyu siendi. Niambie, kaka, mkono wako wa kulia wainuka mpaka wapi?

Nduguyo angojaye jibu,
Mwanarehema