Rampu ni ya Kibali

Jumapili, Ibadakuli. Jua kali tangu asubuhi, upepo wa vumbi, na mvua inanguruma mbali upande wa Mwadui lakini haiji. Nimefunga dirisha na kuzima simu. Viganja vyangu vimechubuka, kwa hiyo nachapa taratibu.

Leo nimefanya jambo ambalo yeyote aliyeniona angesema ni jema. Nataka kuliandika kabla sijaanza kuamini hivyo mwenyewe.

Nianze na kazi. Nachora majengo kwenye kompyuta, katika ofisi ya msanifu mmoja hapa Shinyanga mjini. Natumia kiti cha magurudumu tangu nilipougua nikiwa darasa la pili. Nilipomaliza chuo, ofisi nyingine zilitazama kiti kwanza, vyeti baadaye, au vyeti hazikuvitazama kabisa. Bosi wangu alivisoma. Akanipa kazi, akashusha meza ya kuchorea kutoka ghorofani, akamwita fundi aweke zege kidogo mlangoni ili nipite. Hayo siyakatai hata leo.

Ila wema wake ulikuwa na kipaza sauti. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari zangu kabla ya kuonyeshwa ramani. "Huyu ni binti yangu," angesema, mkono begani mwangu, nami niko katikati ya mstari, kipanya mkononi, nasubiri amalize kunionyesha.

Mwaka jana akaja Mama Kulwa. Ni mfanyabiashara wa Geita, ana mitambo ya kuchenjua dhahabu, mama mnene mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. Alitaka ukumbi wa harusi. Kiwanja chake kiko chini ya kilima na maji ya mvua hupita hapo, kwa hiyo tuliinua sakafu juu sana kutoka ardhini. Maana yake mlango mkubwa ukawa juu, na kuufikia lazima upande ngazi au rampu; na bila rampu kwenye ramani, halmashauri haitoi kibali cha ujenzi.

Rampu niliichora mimi. Napenda sakafu za mteremko kuliko kazi nyingine zote. Sakafu iliyolala ni mchezo wa mtoto, unachora mstatili umemaliza. Ya mteremko inabidi uiambie programu inaanzia wapi, inaishia wapi, ncha hii iwe chini kiasi gani na ile juu kiasi gani. Unachora mshale, mkia chini, kichwa juu, na zege linainuka upande mmoja mbele ya macho yako. Niliikunja rampu ile mara mbili: unapanda, unapumzika mahali tambarare, unageuka, unapanda tena. Kila kimo kimoja cha kupanda nilikipa urefu mara kumi na mbili. Kitabuni imeandikwa hivyo, na mabega yangu yanasema hivyo hivyo.

Bosi akaja kusimama nyuma yangu. Mama Kulwa ametaka magari ya maharusi yasimame mlangoni kabisa, akasema, na rampu yako imejaa mbele yote. Akachukua kipanya mkononi mwangu. Akakamata kichwa cha mshale na kukivuta nyuma, karibu na mkia. Zege likasimama wima kama ubao wa kutelezea watoto.

Programu haikusema kitu. Haiulizi nani atapita hapo.

"Bosi, hii haipandiki," nikamwambia.

"Minza," akasema kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kusali, "rampu ni ya kibali. Si ya watu."

Nilibishana naye wiki nzima. Mwishowe akaniambia ofisi ni yake na mhuri ni wake. Ikajengwa hivyo.

Jana ilikuwa siku ya ufunguzi. Bosi alinialika mwenyewe, akanichukua asubuhi kwa gari lake, kiti changu kimekunjwa nyuma. Nilikuwa nimeshona gauni la kitenge cha bluu na kusuka nywele. Njiani aliimba. Nilidhani nakwenda kuona jengo nililolichora, na watu wataambiwa nani alilichora. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa makusudi: nilifurahi njia nzima, mpaka Geita.

Mama Kulwa alitupokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka!" ya nguvu. Nikampa shikamoo yake, akaniitikia marahaba huku akinipapasa mashavu kama anapima papai. Turubai limefungwa, wageni wamekaa, muziki unapigwa. Rampu niliiona kabla ya kuona kitu kingine chochote. Walikuwa wameipamba kwa marumaru, zile zinazong'aa. Mteremko ule, na juu yake marumaru.

Bosi akapewa kipaza sauti. Akashukuru Mungu, akamshukuru Mama Kulwa, kisha akageuka kwangu.

"Ofisi yangu haibagui mtu," akasema. "Binti huyu nilimwokota stendi. Hana mbele wala nyuma. Leo hii anapanda majengo kama ninyi. Minza mwanangu, panda, waone."

Sikuokotwa. Nilipeleka maombi kwa mkono wangu, nikasubiri kwenye korido, nikaitwa kwa jina langu. Lakini watu walikuwa wanapiga makofi, simu ziko juu, na mtu akipigiwa makofi mikono yake huanza kufanya kazi yenyewe.

Nikapanda.

Nilikwenda vizuri mpaka karibu na katikati. Hapo gurudumu la kulia likakosa mshiko. Nikang'ang'ania pete za magurudumu, zikapita viganjani kama kamba inayovutwa na ng'ombe. Nikarudi kinyumenyume mpaka chini. Pindo la gauni likaingia kwenye gurudumu likachanika mpaka gotini. Watu wakasema "Aaah!", kisha mmoja akacheka, kisha wote.

"Msukumeni basi!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Sisi si Wasukuma?"

Wakacheka zaidi. Bosi naye alikuwa anacheka, kipaza sauti bado mdomoni, kicheko chake kinatoka kwenye maspika.

Sikulia. Nilijisogeza hadi ukingoni, nikajihamishia kwenye kiti cha plastiki cha mgeni aliyekuwa amesimama. Kisha nikakigeuza kiti changu kimtazame bosi.

"Bosi, zamu yako," nikasema. "Una mikono mizuri kuliko mimi. Waonyeshe."

Akatabasamu, akatikisa kichwa. Lakini Mama Kulwa alikuwa ameshasikia. Alikuwa na furaha ya ukumbi mpya, na bia mbili tatu. Akaanza kupiga makofi. "Akae! Akae!" Turubai zima likaitikia. Mwanaume hawezi kukataa mbele ya mteja wake na mbele ya simu zote zile. Akavua koti. Akakaa kwenye kiti changu.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika.

Anayepanda mteremko kwa kiti huinamia mbele, kifua karibu na magoti. Usipoinama, uzito wote unakwenda nyuma na kiti kinakupindua. Hakuna anayetumia kiti asiyelijua hilo. Bosi alikaa ameegemea nyuma, kifua mbele kama anapigwa picha, akakisukuma kwa nguvu zake zote. Nilimwona anavyoegemea. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. "Inama mbele." Maneno mawili tu, na nafasi ya kuyasema nilikuwa nayo.

Nikanyamaza.

Magurudumu madogo ya mbele yakainuka. Akarusha mikono nyuma kujikinga. Nilisikia mifupa kabla ya kusikia kishindo. Kicheko cha kwanza kilikuwa changu, kimo kwenye video, mtu yeyote akitaka atakisikia: kirefu, cha juu, cha msichana aliyefurahi.

Wakambeba. Hakuna aliyekumbuka kuwa gari nililokuja nalo ndilo lililokwenda naye hospitali. Jioni Mama Kulwa akaamuru dereva wake anirudishe. Aliinama dirishani kuniaga.

"Una roho mbaya, ng'wana wane," akasema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma, na alisema kwa mapenzi kabisa. "Nimekupenda. Njoo unichoree nyumba yangu ya Kahama."

Nikamuuliza rampu itakuwaje, itavunjwa lini.

"Ivunjwe kwa nini? Fundi ataipangia vyungu vya maua. Wageni wangu wana miguu." Akanipungia mkono.

Asubuhi ya leo simu yangu ilikuwa imejaa. Video zimesambaa zote mbili, ya kwangu na ya kwake, na kuna aliyeziunganisha akaweka muziki. Kwenye kundi letu la wachoraji, bosi ametuma picha yake akiwa kitandani, mikono yote miwili imefungwa plasta nyeupe. Chini yake mtu ameandika kwa niaba yake: "Nimemsamehe binti yangu. Tumwombee." Watu wameweka mikono ya kusali, safu kwa safu.

Basi nikaenda kumwona. Jana usiku walikuwa wamemrudisha hospitali ya huku mjini. Nilichukua bajaji, kiti changu gurudumu moja limepinda na linagonga kila linapozunguka, wodi nzima ikajua naingia. Mke wake alikuwa amekwenda nyumbani kuleta nguo. Bosi alikuwa peke yake, na bakuli la uji juu ya kabati, halijaguswa.

Nikampa pole. Akatazama dari.

"Ulijua nitaanguka," akasema.

"Nilijua."

Nilisubiri anitukane. Ingekuwa nafuu.

"Na mimi nilijua hutafika juu," akasema. "Nilitaka ukwame katikati, nije nikusukume mimi. Nilishamwambia mpiga picha asimame wapi. Ulirudi kabla sijashika kiti."

Akalisema hilo kama mtu anayelalamikia mvua. Hakuona aibu. Nami nilipotafuta hasira moyoni sikuikuta. Tulikuwa tumekaa watu wawili tunaofahamiana vizuri kuliko siku zote nilizofanya kazi kwake.

Kisha akatazama uji. Akanitazama. Hakutaka kuomba, nikamwona asivyotaka. Muuguzi alikuwa upande wa pili wa wodi.

"Nisaidie, mwanangu," akasema.

Nikamnywesha. Kijiko kwa kijiko, taratibu, nikimfuta kidevu kwa ncha ya khanga. Mama mmoja kitanda cha jirani, aliyekuja kumuuguza mwanawe, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Mungu akubariki binti, watoto wenye moyo kama wako wamekwisha." Nikamjibu amina. Na kila alipofumbua mdomo kusubiri kijiko, nilikichelewesha kidogo. Kidogo tu, kiasi kwamba hakuna ambaye angeona isipokuwa yeye. Alibaki mdomo wazi, macho yananitazama, na raha niliyoipata hapo sijawahi kuipata kwa kazi yoyote niliyochora.

Nilimaliza bakuli lote. Nikamwambia siji tena kazini. Akatikisa kichwa, uji bado mdomoni.

Kwa Mama Kulwa pia siendi. Nitatafuta ofisi nyingine, hata ikibidi kurudi kukaa kwenye korido na bahasha yangu.

Lakini usiku huu sijiulizi habari za kazi. Yule mama wa kitanda cha jirani aliniona kwa macho yake, na alichokiona ndicho hicho ambacho wateja wote walikuwa wakikiona bosi akiweka mkono begani mwangu. Je, na bosi alipokuwa ananishika bega, alikuwa anasikia raha hii hii?