Unga Pasipo na Mkate

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mtaipokea barua hii mkiwa salama, wewe, shemeji na wanangu. Mimi ni mzima, mzima hasa, na ndiyo maana nimeshika kalamu. Nasikia kiuno bado kinakusumbua hadi umehamia kulala kwenye kochi la sebuleni. Pole sana. Hicho kiuno nitakirudia.

Bado nipo kiwanda cha mikate, mbele ya tanuri. Miezi michache iliyopita jasho lilinitiririka hadi soksini. Mapajani kwa ndani na kwenye kinena ngozi ikaanza kuwasha, kisha ikachubuka, nikawa natembea kama bata. Aibu ikanifunga mdomo, nikajifanya daktari. Sisi hunyunyiza unga mezani ili donge lisigande, basi nami nikawa nachota konzi ya unga najipaka huko. Kaka, unga, jasho na joto! Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeshakanda donge lisilo na mnunuzi.

Muwasho ukazidi, nikaamua kuacha kazi. Siku niliyotaka kumuaga msimamizi, mwenzangu tunayemwita Hamira, kwa vile akicheka huumuka, alinifumania chumba cha kubadilishia nguo nikijikung'uta unga. Alicheka hadi akakaa chini. Alipojifuta machozi akaniambia na yeye yalishamkuta, akanikokota hadi zahanati.

Tabibu hakucheka hata kidogo. Alisema ni fangasi, na kwamba ule unga nilikuwa nawalisha. Alinipa dawa ya kupaka, akaniagiza nioge nikitoka kazini, nijikaushe vizuri kwa taulo langu peke yangu, nivae chupi za pamba zisizobana na nibadilishe zikilowa. Akasisitiza nisiache dawa eti kwa sababu muwasho umeisha, nimalize muda wake, la sivyo hurudi. Nimefuata yote. Jasho bado lipo, tanuri ni tanuri, lakini ngozi imepona na kazi siachi ng'o.

Sasa nivumilie, kaka. Ulipopita kwangu mwezi uliopita nilikutazama ukishuka kwenye lori lako. Mwenye kiuno hujishika kiuno. Wewe ulitanua miguu, na mwendo ule naujua kwa kuutembea. Halafu shemeji amenipigia simu akilia. Habari za kiuno haziamini. Anaamini una mwanamke mwingine, na ameshaanza kukunja nguo zake arudi kwao. Iliniuma sana. Sikumwambia kitu, maana si langu kusema, lakini kwako nimeapa sinyamazi. Mficha uchi hazai. Usikubali nyumba ivunjike kwa ajili ya muwasho. Nenda zahanati kesho, ila mkeo mwambie leo.

Nisalimie wanangu. Kwenye kifurushi kilichokuja na barua hii nimeweka chupi za pamba, mpya, saizi yako. Usikifungue peke yako. Mpe shemeji akifungue, nawe ukae hapo hapo ujibu atakachouliza.

Ni mimi mdogo wako,
Bata aliyepona