Mlingoti Ulioushika Namawala

Kwako mke wangu Felista,

Mwandiko huu unacheza. Mkono wa kulia umeanza kunikataa, na kalamu inakwenda inakotaka. Ukiona herufi zimepanda au zimeshuka, soma katikati. Ndivyo nilivyokuwa nikisoma sindano ya kile chombo, na habari ya chombo kile ndiyo inayonifanya nikae na karatasi badala ya kulala.

Daktari amemwambia binti yetu Yustina anipikie chochote ninachotaka. Nimesoma vya kutosha kujua maana ya maneno hayo. Mahali pangu kando ya kaburi lako pameshafyekwa. Nimechoka, Felista, na kabla sijaletwa hapo kuna jambo unalopaswa kulisikia kutoka kwangu.

Unaukumbuka mwaka tuliooana. Ilikuwa ile miaka ya hamsini, uhuru bado, mimi nimetoka shule ya misheni na cheti changu, nimepata ukarani wa vipimo serikalini. Dar es Salaam walikuwa wanarusha matangazo ya redio, na wakubwa walitaka kujua yanafika bondeni kwetu kwa nguvu gani, na masafa yapi tayari yana wenyewe. Mzungu wangu alikaa Ifakara na ramani zake. Mimi nilipewa sanduku la chuma lenye sindano nyuma ya kioo, visikio vya kuvaa masikioni, na mlingoti wenye waya wa kunasia mawimbi. Kazi yangu ilikuwa kuzungusha kitufe polepole, kusikiliza, kusoma sindano na kuandika. Hapa Dar es Salaam. Hapa Nairobi. Hapa mtu anagonga simu ya maandishi, ti-ti-taa. Hapa muziki wa Kihindi. Hapa patupu.

Siku ya kwanza kuniona nikifanya hivyo uwani ulicheka mpaka ukashika ukuta.

"Kwa hiyo serikali inakulipa uandike upepo?"

"Si upepo. Ni mawimbi."

"Yako wapi?"

"Yanapita. Hata hapo uliposimama yanapita."

Uliigeuza mikono yako, ukavitazama viganja. "Kumbe na hewani kuna mashamba na wenye mashamba! Haya, karani wa upepo, njoo ule."

Jina hilo lilibaki. Ulikuwa ukiliita kwa sauti kutoka jikoni, majirani wakasikia, nami nikajifanya nimeudhika. Ningetoa siku nyingi katika zilizobaki, ingawa si nyingi, kusikia unaniita hivyo tena mara moja.

Masika ile nilitumwa Namawala. Ulikuwa na mimba ya miezi mitano, mimba yetu ya kwanza, na mama yangu alitaka ubaki. Ukamjibu, "Mama, mwanao atakwenda kula nini huko, mawimbi?" Tukaondoka asubuhi, wewe, mimi, na mpagazi wetu Mzee Ngwale, yule Mndamba aliyejua kila mfereji wa bonde na aliyeninunia tangu alipobeba betri zangu.

"Karani, hiki kitu kinakula nini kiwe kizito hivi?"

"Kinakula betri, mzee."

"Basi na sisi tungepewa betri."

Tulipofika mahali maji yalipoifunika njia, wewe ulikwenda kando kunawa matope miguuni. Mwenye mtumbwi aliitazama mizigo, akatikisa kichwa. "Karani, mtumbwi si ghala. Kitu kimoja kibaki." Nilikuwa na betri mbili. Ya pili ilikuwa ya akiba tu. Palikuwa pia na sanduku la dawa, lile la mbao lenye kufuli, lililojaa chupa na bandeji, na ndani yake vidonge vya malaria ambavyo Mzungu alinisisitizia tumeze. Nililiacha sanduku la dawa. Nikalikabidhi kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akianika mpunga, nikamwambia nitalichukua nikirudi.

Ningeweza kulifungua nikatoa vidonge, nikavitia mfukoni. Nimelifikiria hilo kila masika tangu siku ile. Ufunguo ulikuwa chini kabisa ya mkoba wa karatasi zangu, ningelazimika kufungua mizigo yote palepale kwenye matope, na nilitaka kuwahi kipimo cha saa kumi na mbili. Hiyo tu ndiyo sababu. Sina kubwa kuliko hiyo.

Ndani ya mtumbwi uliniuliza, "Dawa umepakia?"

"Nimepakia."

Mzee Ngwale aliyatazama maji.

Namawala mashamba yalikuwa yamejaa maji, hakuna pa kusimamisha chombo. Mwenye shamba mmoja alituazima dungu lake, lile jukwaa la miti la kulindia mpunga dhidi ya ndege, na juu yake nikaweka ofisi yangu. Siku mbili za kwanza zilikuwa siku njema kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Ulikaanga kitoga, wale samaki wa mtoni. Wanawake walikuja wakitaka kusikiliza, nikawavisha visikio mmoja mmoja. Unamkumbuka yule mama mnene aliyesikia mtu akiongea ndani, akapiga kelele, "Hodi humo! Hodi!" akasubiri akaribishwe? Ulicheka ukashika tumbo, ukasema mtoto naye anacheka.

Siku ya tatu uliamka na baridi, ukajifunika kanga mbili na koti langu.

"Nipe vile vidonge."

"Vimelowa," nikasema.

"Vyote?"

"Vyote."

Hukuuliza tena. Mzee Ngwale alinifuata nyuma ya dungu, akasema kwa sauti ya chini, "Karani, maji hayakuingia mtumbwini." Nikamwambia ashughulikie mzigo wake. Mtu anayeweza kunizaa, nikamjibu hivyo. Kesho yake mchana, ulipokuwa umeanza kuongea maneno yasiyoeleweka kisha fahamu zikakurudia, hakuniuliza ruhusa. "Naenda kutafuta mtumbwi. Huyu lazima arudi," akasema, akaondoka.

Ningeweza kwenda naye na kukubeba. Karatasi yangu ilikuwa imebaki mstari mmoja, kipimo cha jioni cha siku ya nne. Mzungu aliniahidi kwamba karatasi ya Namawala ikija imejaa, atanipeleka Dar es Salaam kwenye mafunzo. Nilikuwa nikihangaika kuufunga mlingoti kwa kamba, unaanguka, naufunga tena, ukaniona.

"Lete nishike."

Ulisema mwenyewe. Ulilirudia neno hilo maisha yako yote, "Ni mimi niliyesema nishike," kana kwamba kosa lilikuwa hapo. Mume mwenye akili angekwambia ulale. Mimi nilikupa mlingoti. Ulipanda ngazi ya dungu ukiwa na homa, ukausimamisha kwa mikono miwili, meno yanagongana.

"Usije ukaandika kutetemeka kwangu," ulisema, ukijaribu kucheka.

Felista, niliandika. Sindano ilikuwa ikicheza kwa sababu mlingoti ulikuwa ukicheza mikononi mwako. Nilisubiri itulie, haikutulia, nikachukua katikati. Namba ile ilikwenda Dar es Salaam pamoja na nyingine. Pengine iko kabatini mahali fulani hadi leo, wanaidhani ni nguvu ya redio, kumbe ni kipimo cha homa yako.

Tulifika hospitali ya misheni kesho yake, kwa mtumbwi alioupata Mzee Ngwale, na mimba ikatoka. Alikuwa mtoto wa kiume. Hatukumpa jina.

Yaliyofuata unayajua, ila hujui nilichokuwa nakijua mimi. Mama yangu aliposikia kwamba ulishika mlingoti alipiga makofi. "Nilisema! Mwanamke mwenye mimba anashikishwa chuma cha kuvutia sauti za watu wasioonekana! Mlitegemea nini?" Majirani wakaitikia. Kila aliyekuja kutupa pole aliongeza kidogo, mpaka ikawa habari iliyokamilika. Wewe ulikuwa umelala umegeukia ukutani, hulii. Walipoondoka ulinigeukia.

"Wewe ndiye uliyesoma. Ni kweli?"

Nikasema, "Inawezekana."

Nilijua haiwezekani. Chombo changu hakikurusha kitu, kilipokea tu, kama sikio. Mawimbi ya Dar es Salaam yalifika Namawala yamechoka kiasi kwamba ilinibidi nibane pumzi ili niyasikie. Yaliwapita waliokuwa wameshika mlingoti na wasioushika, wajawazito na vikongwe, viboko mtoni na ndege kwenye mpunga, na hakuna aliyedhurika. Malaria ndiyo iliyomtoa mtoto wetu, na dawa ya malaria ilikuwa imekaa ndani ya kufuli, kwenye baraza ya mwanamke aliyekuwa akianika mpunga. Ningekwambia hivyo, ungeniuliza kwa nini. Kwa hiyo nikaiacha lawama iende hewani, ambako nilidhani haina wa kumuumiza.

Ilirudi ikakaa mikononi mwako. Hilo sikulitegemea. Uliacha kushika watoto wachanga wa wenzako. Ukiletewa mtoto uliketi, ukatandika kanga mapajani, ukasema, "Mlazeni hapo," mikono umeiweka nyuma. Wengine walidhani una maringo. Yustina alipozaliwa ulimwachia mama yangu amwogeshe mpaka kitovu kilipopona. Redio haikuingia nyumbani kwetu. Siku ya uhuru nilikwenda kusikiliza kwa jirani, na nilipochungulia nikakuona umesimama ng'ambo ya barabara, unasikiliza kwa mbali, viganja umevifumba. Nilirudi ndani kusikiliza hotuba.

Mafunzo nilikwenda. Wewe ndiye uliyenifulia mashati. Mzee Ngwale aliacha kazi mwezi uleule, na kila tulipokutana sokoni alikusalimia wewe tu.

Mara nyingi nilitaka kusema. Nilisema kesho, nikasema akipona, nikasema watoto wakikua. Ulipougua ugonjwa wako wa mwisho niliketi nawe wiki nzima, ukaninyooshea mkono nikaushika, ukauvuta ukauficha chini ya shuka. Hata hapo sikusema.

Mwezi uliopita, hapa mtaani kwetu Viwanja Sitini, walikuja watu wa kupima. Umejengwa mnara wa simu nyuma ya nyumba ya pili, wakazi wamelalamika, wakatuma binti mmoja mhandisi. Kifaa chake ni kidogo kuliko Biblia yako. Hakina sindano, kina namba tu. Alikisimamisha uani kwetu juu ya miguu mitatu, akasubiri, akaandika, akamweleza Yustina kwa upole kwamba kiwango kiko chini sana ya kile kinachoruhusiwa.

Yustina akamjia juu. "Nyie mnaandika mlichotumwa! Mama yangu alishika chuma cha kupimia hayo mawimbi, akapoteza mtoto. Muulizeni baba yangu huyu, ndiye aliyekuwa mpimaji."

Binti alinigeukia na uso uliochangamka. "Shikamoo babu. Kumbe tuko kazi moja?"

"Marahaba, mjukuu wangu," nikasema. Kisha nikasema, "Nimechoka. Nirudisheni ndani."

Ile ilikuwa "inawezekana" ya pili. Niliposikia kifaa kikifungwa kwenye begi lake nilijiona mdogo kuliko siku ile kwenye dungu.

Na hii ya pili ina mtu hai wa kumuumiza. Neema, binti wa Yustina, ameolewa Kidatu na ana mimba ya kwanza. Desturi unaijua, mimba ya kwanza mtu huja kujifungulia kwa mama yake. Yustina amemkatalia. Amesema hapa kuna mnara, tena amesema, na haya ni maneno yake, "Mikono ya kwetu si mizuri kwa vichanga." Ameurithi uongo wangu kama mtu anavyorithi shamba. Kama nikifa nao, atampa Neema, na Neema atampa huyo atakayezaliwa.

Kwa hiyo jana mchana nilimwita. Alikuwa akipepeta mchele, akaja na ungo wake. Nilimweleza yote niliyokuandikia hapa: betri, kufuli, "nimepakia", "vimelowa", mlingoti, lile neno moja nililokujibu majirani walipoondoka. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza swali moja.

"Mama alijua?"

"Hapana."

Akauchukua ungo akatoka. Niliusikia mchele ukirushwa na kudakwa, ukirushwa na kudakwa, muda mrefu, hata baada ya makapi kuisha.

Leo asubuhi ameniletea uji. Ameuweka kwenye stuli, akanirekebishia mto, akatoka. Hakuniamkia. Tangu alipojua kuongea, Felista, mtoto wetu hajawahi kuniona asubuhi bila kusema shikamoo. Nilibaki na "marahaba" yangu mdomoni. Sikumlaumu, na wewe usimlaumu. Sikuombi hata wewe unisamehe. Ninachokuomba ni uitoe mikono yako nyuma. Haikufanya kitu. Ilikuwa mikono ya mgonjwa iliyomsaidia mtu asiyestahili kusaidiwa.

Nilipokuwa nakunywa uji nilimsikia yuko uani, anaongea kwenye simu kwa sauti ya kukwaruza, kama mtu ambaye hakulala.

"Neema? Ee, ni mimi. Sikiliza, mwanangu. Njoo ujifungulie nyumbani. Mnara upo, ndiyo, achana nao. Njoo. Nitampokea mimi mwenyewe."

Akasikiliza, kisha akasema, "Kwa mikono yangu, ndiyo. Kwani nitampokea kwa nini?"

Nimeandika hilo hapa ili ulijue kabla sijafika.

Mimi mumeo, karani wa upepo,

Baba Yustina