Tarehe Mosi Januari

Kwako kaka yangu,

Shikamoo. Macho yanaendeleaje? Wifi ameniambia bado unachomelea vyuma bila miwani, eti inakubana pua. Kaka, pua itapona, jicho halina la akiba. Mimi mwili hauna neno. Nakula kidogo, nalala kidogo, kazini naenda.

Barua yako nimeipata, pamoja na orodha ya waliotia saini kutaka yule muuguzi afukuzwe na kushtakiwa kwa kifo cha mama. Umeniomba nami nitie yangu. Siwezi, na ili ujue kwa nini, nivumilie nikueleze kwanza kazi yangu, maana tangu nimalize chuo unaniita Profesa bila kujua hasa nafanya nini.

Watu hudhani informatiki ni kutengeneza kompyuta mbovu. Mganga mkuu aliwahi kuniita nimkazie mguu wa meza. Fani yenyewe ni kuhakikisha habari za mtu zinamfikia anayezihitaji, zikiwa kamili na kwa wakati. Hospitalini habari hizo zimo katika faili la mgonjwa. Nilipoanza kazi, wagonjwa wengi walikuwa na mafaili mawili matatu, kwa sababu mtu akipoteza kadi, karani wa mapokezi humfungulia jipya. Nikaandika programu ya kuyaunganisha: jina moja, tarehe moja ya kuzaliwa, mtaa mmoja, basi ni mtu mmoja. Majibu ya mgonjwa yakigongana kati ya faili na faili, linabaki jibu lililoandikwa karibuni. Kikaoni nilipigiwa makofi, nami nikavimba kichwa.

Sasa niambie, mama alizaliwa siku gani? Hakuna ajuaye. Mwenyewe aliujua mwaka tu. Mfumo wetu haukubali nafasi tupu, kwa hiyo karani humwandikia tarehe mosi Januari kila mzee asiyeijua siku yake. Karani alinieleza hivyo mwenyewe, akitania kwamba siku hiyo wakunga hawakupata hata nafasi ya kukaa. Nilicheka naye. Sikurudi kuirekebisha programu.

Jina la mama ni la watu wengi, na mtaani yupo wajina wake aliyezaliwa mwaka mmoja naye, asiyeijua siku vilevile, yule mshonaji wa nyuma ya shule. Programu yangu ikawafanya mtu mmoja.

Siku mama alipoletwa na homa alikuwa anaweweseka, akiulizwa hajibu. Muuguzi akasoma faili, kisha akamchoma sindano ya penisilini. Wewe na mimi tunajua tangu utotoni kwamba mwili wa mama ulikuwa hauitaki dawa hiyo. Dakika kumi hazikuisha. Mimi nilikuwa orofani naandaa ripoti. Kamati ya kuchunguza kifo ilipokaa, muuguzi alisema kompyuta ilimwonyesha kuwa mgonjwa hana mzio wa dawa yoyote. Wakalifungua faili mbele yake, na onyo likawapo, kwa maandishi mekundu. Wakamwita mzembe na mwongo. Alilia, akasema labda macho yalimdanganya. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake, na habari hizo mimi ndiye niliyekuletea.

Kaka, muuguzi hakusema uongo. Mama alipokata roho nilikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, nikakuta jibu la mshonaji limekaa mahali pa jibu la mama: hana mzio. Nilijua papo hapo nilichofanya. Nikayatenganisha mafaili yale mawili, nikalirudisha onyo. Uliponikuta nalia pale mlangoni, kazi hiyo nilikuwa nimeshaimaliza.

Kwa wiki tatu nimenyamaza. Wazee wengine wa tarehe mosi Januari wamebaki wawili wawili katika faili moja, kwa sababu kuwatenganisha kungeonyesha mkono wangu. Hilo linanitia aibu kuliko yote.

Mfumo huweka kumbukumbu ya kila badiliko, na anayejua kuisoma ni mimi peke yangu. Leo asubuhi nimeichapa. Nakala moja nimempa mganga mkuu. Aliisoma mara mbili, akaagiza dawa zote zitolewe kwa kuuliza wagonjwa na ndugu zao mpaka mafaili yapitiwe, kisha akaniambia nisubiri nje. Aliponiruhusu kuondoka, nakala ya pili nilimpelekea muuguzi kwake. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, akaniuliza kama siku ya kamati nilikuwa nayajua haya. Nikamwambia ndiyo. Akafunga mlango taratibu.

Sikuombi unisamehe, na mama siwezi kumwomba tena. Msalimie wifi sana. Watoto waambie shangazi yao ni mzima, mengine wataambiwa wakikua. Ukija huku, usianzie kwangu. Anzia kwa yule muuguzi uliyemwita muuaji mbele ya watu, umwambie kwamba muuaji mlizaliwa naye tumbo moja.

Ni mimi,
mdogo wako.