Udi wa Safari ya Shamimu

Jumapili. Mvua ya asubuhi imeacha matope mtaa mzima wa Jabe.

Leo nimesema.

Shamimu, binti wa jirani yetu, anatakiwa kuondoka kesho kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani. Mama yake alituita wanawake wa mtaa tumsomee dua. Dua ikiisha, nguo za msafiri hufukizwa udi kabla ya kufungwa sandukuni, na kazi hiyo hupewa mwanamke mwenye bahati. Wakanichagua mimi. Nilikwenda Uarabuni nikarudi mzima, basi bahati ninayo.

Nilicheka kidogo. Ningefanya nini?

Hapa mtaani wanajua nilikuwa nikilea watoto wa tajiri. Nyumba niliyopelekwa haikuwa na watoto. Ilikuwa na vyumba vinavyofungwa kwa nje, na kila jioni bibi wa pale alitufukiza udi kabla ya kuwafungulia wanaume. Ndiyo maana siku ya Idi, udi ukifukizwa, sikai sebuleni. Mama anadhani ni pumu.

Nikainua chetezo. Moshi ukaniingia puani. Nikakiweka chini.

"Usiende, mdogo wangu," nikamwambia Shamimu. "Mi sikuwa nalea watoto. Kule walikuwa wananiuza kwa wanaume."

Shangazi yangu akajifunika uso kwa mtandio. Mama Shamimu hakunitukana, na afadhali angenitukana. Alikichukua chetezo akaendelea kufukiza nguo za mwanawe, polepole, blauzi moja moja.

"Lakini we ulirudi," akasema.

Nimelia mpaka nyumbani. Nina hasira naye, na namhurumia pia. Nyumba ile haina baba, na wadogo zake Shamimu wanataka kula.

Kabla ya magharibi Shamimu akaja. Akaketi kitandani kwangu, gauni lake likinukia udi ule ule. Nilitaka kumwambia akabadilishe. Nikamkumbatia hivyo hivyo, nimebana pumzi, mpaka akaanza kulia yeye.

Sasa amelala. Mama yake yuko nje anabisha hodi, anamwita kwa upole. Anasema sanduku liko tayari.

Je, kesho atasafiri? Sijui. Mlango nimeufunga kwa ndani, na ufunguo nimemwekea Shamimu kiganjani.