Gari Lako Lisichinjwe

Nyumbani,
mezani penye cherehani,
Alhamisi, saa nne asubuhi.

Mpendwa mwanangu, kifungua mimba wangu,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, wewe na mkwe wangu na yule mtukutu wenu. Hamjambo wote? Kifua chako kimetulia? Siku ile ulivyokuwa unakohoa kwenye simu sikusikia hata ulichokuwa unasema, nilikuwa nasikiliza kikohozi tu. Vaa soksi hata ukiwa ndani. Sisi huku tunaendelea. Mguu wangu unaniuma nikishuka ngazi, nikipanda hauumi, sijui ni mguu wa namna gani. Mdogo wako ni mzima, mshono wa kwenye nyusi umefunga. Umemwachia sura ya mtu mkorofi, na mtoto mwenyewe hajawahi kugombana hata na jirani.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu ni ya mdogo wako, na tukiongea hukaa hapo hapo akingoja zamu yake. Haya ya leo sitaki ayasikie. Unisamehe mwandiko.

Ni habari ya lile gari lako ulilotuachia. Tulikuambia kwenye simu kwamba limegongwa na halifai tena. La kugongwa ni kweli.

Siku yenyewe mdogo wako alikuwa amebeba trei arobaini za mayai anapeleka madukani kama kawaida yake. Lori likatoka kinyumenyume kwenye ile yadi ya matofali, likamgonga mbele upande wa kushoto na kumsukuma hadi kwenye mtaro. Mwuza mboga alikuja kuniita hata viatu sikuvaa. Nilipofika nikaona kitu kizito cha njano kinachuruzika chini ya mlango wa dereva. Mwanangu, sikufikiria mayai. Nikakaa pale pale barabarani, mpaka nikamsikia yeye mwenyewe ananiambia, "Mama, inuka, umekalia mali za watu." Watu wakacheka. Mimi mpaka leo sijacheka.

Mwenye lori alikubali kosa lake. Akasema fundi atamlipa yeye, spea tujitafutie. Gari likavutwa hadi kwa Fundi Taratibu, yule mnyoosha bodi uliyekuwa unamlalamikia kwamba anaweza kupaka rangi bampa moja wiki nzima. Boneti lilikuwa limekunjamana kama shuka la mgonjwa, rejeta ya maji imepasuka, taa ya kushoto hakuna.

Hapo ndipo kila mtu akawa na lake. Mdogo wako akataka litengenezwe, maana bila gari wateja wake wa mayai wataenda kwa mwingine. Shangazi yako akasema liwekwe tu nyuma ya nyumba, mwenyewe ukirudi ulikute, ulilinunua kwa jasho lako. Nikamwuliza, likae miaka mingapi, wifi, mpaka kuku watagie ndani? Mimi nilikuwa nataka lichinjwe. Ndivyo wanavyosema mafundi, maana yake ling'olewe kila kitu kiuzwe kimoja kimoja, lisiwepo tena duniani.

Kuna pikipiki imepita nikainuka kuchungulia. Si yeye. Nitakueleza.

Wiki ile ya kwanza kila nikifumba macho nilikuwa naona ile njano. Basi nikajaza chupa ya chai nikaenda gereji mdogo wako akiwa hospitali kutolewa nyuzi. Nikamwambia fundi, tafadhali mwambie mwanangu kwamba chasisi, ule uti wa mgongo wa gari, imepinda na halinyooki tena. Fundi akaacha nyundo akanitazama. Akasema, "Mama, chasisi nimeipima mara mbili, imenyooka kuliko hii benchi uliyokalia." Nikamwambia najua, wewe sema tu. Akasema, "Miaka yote hii naletewa vilivyopinda nivinyooshe. Leo wewe unaniletea kilichonyooka nikipinde."

Nikalia. Si kwa hila, nililia kweli. Yule mzee hawezi machozi. Akanywa chai yangu, na jioni mdogo wako alipopita akamwambia kama nilivyomwomba. Niliambiwa hakumtazama usoni.

Mdogo wako hakubisha hata kidogo. Ndicho kilichonitisha. Fundi Taratibu akisema jambo, kwake limesemwa. Alirudi akaosha mikono muda mrefu, akala, akasema, "Basi, mama, tumpigie Bei Poa." Huyo ni mnunuzi wa spea, mwembamba, anatembea na bisibisi mfukoni kama wengine wanavyotembea na kalamu. Alikuja akalizunguka gari akilipigapiga tumbo. Siku ile akaondoka na mlango mmoja wa nyuma na kiti cha abiria. Injini hawezi kuigusa, kadi ya gari ina jina lako. Anasubiri usaini karatasi ya mauzo atakayokutumia.

Mimi nililala vizuri siku nne, mwanangu. Siku nne tu.

Siku ya tano mdogo wako akaja nyumbani na pikipiki. Ya kukodi. Amefunga ubao nyuma, juu ya ubao trei kumi na mbili za mayai, juu ya trei kamba ya mpira. Akasema, "Wateja hawawezi kunisubiri nihuzunike." Mwanangu, nimemtoa mtoto ndani ya chuma nikamweka juu ya magurudumu mawili, katikati ya malori yale yale. Kazi ya mikono yangu hiyo. Na siwezi kumwambia shuka, ataniuliza apande nini.

Tangu hapo sikai. Nimeshona sketi moja ya mteja mara tatu nafumua. Nikisikia pikipiki nainuka, nisipoisikia nainuka pia. Nimejifunza kutofautisha mlio wa hii ya kwake, inakohoa kama wewe. Jana amerudi na suruali imechanika gotini, anasema ni msumari wa kwenye ubao. Nimeikagua ile suruali. Msumari hauchani hivyo.

Kwa hiyo ninalokuomba ni hili. Bei Poa akikutumia karatasi, usisaini. Halafu umpigie mdogo wako, umwambie ni wewe hutaki gari lako lichinjwe, umwambie atafute fundi mwingine alipime upya. Useme umeota tu, au rafiki yako anajua magari, sema lolote. Atakusikiliza, wewe ni dada yake mkubwa. Mimi nitanyamaza, na fundi atanyamaza. Nisaidie kwa hili, mama yangu.

Naiacha hapa, nasikia mtu anagonga.

Ijumaa, jioni.

Naendelea. Aliyegonga alikuwa mteja wa sketi.

Hayo niliyokuomba hapo juu usiyafanye. Ningeichana karatasi nianze upya, lakini nimeona bora usome uone una mama wa namna gani. Jana nilipoisoma tena nikaona nimekuchukua na wewe nikuingize kwenye uongo wangu, kama nilivyomwingiza yule mzee wa watu.

Nilimwambia mdogo wako leo mchana akiwa anakula. Nilikuwa nimepanga maneno, yakatoka yote mara moja, chai, machozi, benchi. Aliacha kijiko. Akauliza, "Chasisi ni nzima?" Nikasema nzima. "Haijapinda hata kidogo?" Nikasema alipima mara mbili. Basi. Hakuniuliza kwa nini. Aliinuka na chakula nusu sahani, akaenda gereji kwa miguu, pikipiki ameiacha uani.

Amerudi saa moja iliyopita, mikono myeusi mpaka viwiko. Fundi ameshaanza kulitoa boneti. Anasema tangu siku ile alikuwa analizunguka gari hajui aligusie wapi, amemwomba msamaha mdogo wako kana kwamba yeye ndiye aliyemkosea. Kiti Bei Poa amekubali kukirudisha. Mlango ameshauuza, utatafutwa mwingine, wa rangi yoyote utakaopatikana. Wiki tatu, anasema fundi. Unamjua, wewe sema sita.

Hizo wiki zote atakuwa kwenye pikipiki bado. Nilidhani nikishasema kweli moyo utatulia. Haujatulia. Ameniahidi kupunguza trei ziwe sita na kuzunguka nyuma ya soko badala ya barabara ya malori. Sikumwomba, amesema mwenyewe akiwa ananawa.

Kisha akaniambia neno moja akiwa amenipa mgongo, na limenikaa. "Mama, ukiogopa niambie mimi. Usimwambie fundi." Nimembandikia maji ya kuoga.

Basi karatasi ya Bei Poa ikija ichane, hilo peke yake ndilo ninalokuomba sasa. Kwa kukuuzia mlango wako bila ruhusa nisamehe ukiweza, usipoweza nisamehe ukija.

Shangazi yako anakusalimu, anasema yeye ndiye aliyekuwa sahihi, sijui kwa lipi. Fundi Taratibu anakusalimu, mwuza mboga pia. Mkwe wangu mwambie aendeshe polepole. Mtukutu nimembusu hapa kwenye karatasi, chini kwenye kona, usiguse kwanza, mpe yeye.

Mungu awatangulie mnapotoka na awapokee mnaporudi, ninyi wote mlio njiani.

Ni mimi mama yako, nikupendaye kwa hofu zangu zote.