Mpaka Ndani ya Tezi

Jumatatu, 3 Machi
Majibu ya sindano ya kuchukua kinyama cha tezi yametoka. Saratani ya tezi dume. Nimeliandika neno lote. Vizuri!

Mdogo wangu alikuja na gari tayari: nilazwe kesho, nipasuliwe keshokutwa. Nikamweleza. Sindano iliacha damu ndani ya tezi, na kwenye picha ya sumaku, MRI, damu hiyo inaweza kuonekana kama ugonjwa, au kuuficha. Daktari amesema tusubiri wiki tatu zaidi ipungue. "Kaka, ugonjwa unakula, wewe unangoja kupigwa picha kama bwana harusi!" Mke wangu alicheka, kisha akalia.

Sipasuliwi bila picha. Miaka thelathini na minne nimepima viwanja vya watu. Hakuna aliyechimba msingi kabla sijatoa ramani.

Jumanne, 11 Machi
Mdogo wangu kapiga simu mara tatu. Ya tatu kaipokea mke wangu: "Shemeji, mwenye mwili kakataa." Akakata.

Alhamisi, 27 Machi
Picha, hatimaye. Pete ya ndoa ilitolewa kwa sabuni — sumaku haitaki masihara. Nusu saa ndani ya bomba, kelele kama mtu anapigilia mabati juu ya kichwa. "Babu, usitikisike," akasema fundi wa mashine. Sikutikisika! Nilipotoka nikamuuliza fundi ameona nini. Eti yeye anapiga tu, msomaji ni daktari. Mjanja.

Jumatatu, 31 Machi
Nimepewa bahasha nimpelekee daktari. Nimeifungua. Tezi ni yangu!

Nimebandika picha kwenye kioo cha dirisha, nikawafundisha mke na mdogo wangu. Hili ni ganda la tezi. Ugonjwa ukiwa ndani yake, tezi inatolewa pamoja na ugonjwa wote. Ukivuka, huenda kisu peke yake kisitoshe. Na doa hili hapa, nikasema, liko kushoto.

"Kaka, mbona pembeni wameandika kulia?"

Kweli. Picha hizi hutazamwa kama mgonjwa amelala, miguu ikikuelekea wewe. Mpimaji mzima nimesoma ramani kinyume! Tumecheka mpaka mke wangu akakaa chini. Lakini doa limegusa ganda.

Jumatano, 2 Aprili
Naandika kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Ametupa dakika kumi za kufikiri.

Mifupa safi. Tezi za limfu za nyonga safi. Ila upande wa kulia doa limeegemea ganda kwa urefu wa milimita kumi na tano. Labda limepenya kidogo. Picha haioni kila kitu, kasema mwenyewe, nikamheshimu. Na pale pale nje ya ganda zinapita neva za unyumba. Apitishe kisu mbali nazo, abakize hatari? Au azikate, awe na uhakika zaidi? Anataka jibu langu kwenye fomu.

"Akate zote!" mdogo wangu kadakia. "Kaka, umri huu, za nini tena?"

Mke wangu kamtazama mpaka akainamisha kichwa. "Mimi nataka arudi nyumbani mzima. Lakini mpaka wa chumba chetu hauchorwi na shemeji."

Nimemwomba daktari picha ile na kalamu nyekundu. Anionyeshe kisu kitapita wapi, milimita kwa milimita, ndipo nitie sahihi. Kaguna, kasema tumngoje hapa nje, kaenda kuileta.

Mlango unafunguliwa: daktari, picha na kalamu nyekundu mkononi. Mke wangu kasimama kabla yangu —